Jinsi ya Kupima Asteroidi Inapopita Mbele ya Nyota: Mwongozo Kamili kwa Mtazamaji wa Afrika Mashariki

Nyota inayofichwa na asteroidi, yaani jiwe kubwa linalozunguka Jua, haififii polepole kama Jua linapopatwa. Unaitazama iko palepale ilipokuwa usiku kucha, mara haipo, na baada ya sekunde chache imerudi. Ukiweza kusema kwa uhakika ni saa ngapi ilizimika, saa ngapi iliwaka tena, na wewe ulikuwa umesimama wapi, umepima jiwe lililo mamilioni ya kilomita kutoka hapa kwa usahihi ambao darubini kubwa za duniani haziufikii kwa kupiga picha.

Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Nyota iko mbali mno, kwa hiyo miale yake inatufikia ikiwa sambamba, na kivuli ambacho asteroidi inakitupa juu ya Dunia kina upana uleule wa asteroidi yenyewe. Asteroidi ya kilomita 60 hutupa kivuli cha kilomita 60, na kivuli hicho hukimbia juu ya nchi kwa kasi ya kilomita kadhaa hadi makumi ya kilomita kwa sekunde. Kila mtazamaji aliyesimama ndani ya ukanda ambao kivuli kinapita anapata mkato mmoja wa umbo la asteroidi, na urefu wa mkato huo ni kasi ya kivuli mara sekunde ambazo nyota ilitoweka. Watazamaji kumi waliotawanyika kwa upana wa ukanda wanapata mikato kumi, na mikato hiyo ikipangwa pamoja, umbo linajitokeza.

Kazi hii ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 19 Februari 1958 asteroidi Juno ilionekana ikificha nyota huko Sweden, na hilo ndilo tukio la kwanza la aina hii kushuhudiwa. Mwaka 2017 watafiti walitawanya darubini ndogo Afrika Kusini na Ajentina kutafuta kivuli cha Arrokoth, jiwe dogo lililo ng'ambo ya Neptuni, na mwezi Agosti 2018 wakafanya hivyo tena Senegal na Kolombia. Mikato ya Julai 2017 ilidokeza kuwa Arrokoth huenda ina umbo la vitu viwili vilivyogusana, na chombo cha angani New Horizons kilipopita karibu nayo tarehe 1 Januari 2019 kikakuta hivyo hivyo. Nataja Senegal makusudi. Kivuli hakichagui nchi, ila bara letu lina watazamaji wachache sana waliojipanga kukipokea, na mkato mmoja uliopimwa Singida au Laikipia mara nyingi ndio pekee utakaopatikana kati ya bahari na bahari.

Kuchagua tukio

Utabiri hutolewa na watu wa chama cha kimataifa cha wapima ufichwaji wa nyota, kinachojulikana kwa kifupi chake IOTA. Chombo rahisi cha kuanzia ni programu ya bure iitwayo Occult Watcher. Unaipa latitudo na longitudo ya mahali unapokaa, nayo inakuorodheshea matukio ambayo ukanda wake unapita karibu nawe katika wiki zijazo. Kwa anayetaka kujihesabia mwenyewe kuna Occult, programu ya Dave Herald, ambayo ni pana zaidi na inahitaji subira kuijifunza.

Orodha ikitokea, usivutwe na jina la asteroidi. Tazama kwanza mag ya nyota, yaani kipimo cha uangavu wake, ukikumbuka kwamba namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu. Kwa darubini ya kipenyo cha sentimita 20, anza na nyota za mag 10 au angavu zaidi, hata kama kamera yako inaweza kufika mbali kuliko hapo. Kisha tazama kiasi ambacho mwanga utashuka. Wakati wa tukio unachobaki kukiona ni asteroidi peke yake. Nyota ikiwa ya mag 10.5 na asteroidi ya mag 14, mwanga utashuka kwa takriban mag 3.5 na hutakuwa na shaka yoyote. Zikiwa sawa, mwanga utashuka kwa mag 0.75 tu, na jicho la mgeni linaweza lisitambue. Tatu, tazama muda unaotarajiwa, na kwa mara za mwanzo tafuta tukio la sekunde 3 au zaidi. Mwisho, nyota iwe juu ya upeo wa macho kwa nyuzi 30 au zaidi, na Mwezi usiwe jirani yake.

Utaona pia kipimo cha uhakika wa utabiri, ambacho huandikwa kama sigma. Zamani ukanda uliotabiriwa uliweza kukosewa kwa mamia ya kilomita, na mtu alikesha akijua kuwa pengine kivuli kitapita nchi jirani. Satelaiti ya Gaia imebadilisha hali hiyo. Orodha yake ya pili ya nyota ilipotolewa mwezi Aprili 2018, mahali pa nyota palijulikana kwa usahihi mkubwa mno, na njia za asteroidi nyingi zikasahihishwa kwa kutumia vipimo vyake. Kosa la sehemu moja ya elfu ya sekunde ya tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja) kwa asteroidi iliyo umbali mara mbili wa Dunia na Jua ni sawa na kilomita moja na nusu tu ardhini. Kwa hiyo siku hizi, ukisimama katikati ya ukanda wa asteroidi kubwa inayojulikana vizuri, una haki ya kutarajia kuona tukio.

Kugeuza saa, na kwa nini sisi tuwe waangalifu zaidi

Utabiri wote huandikwa kwa saa za dunia, yaani UTC. Sisi tunaongeza saa 3 kupata saa za Afrika Mashariki, halafu tunazisoma kwa Kiswahili, ambacho huanza kuhesabu upya jua linapozama na linapochomoza. Hapo pana mitego miwili kwa mpigo. Chukua tukio lililoandikwa tarehe 14 Agosti, saa 22:41:20 UTC. Ukiongeza saa 3 unapata 01:41:20, na tarehe imeshakuwa 15. Kwa Kiswahili ni saa 7 na dakika 41 usiku, usiku wa tarehe 14 kuamkia tarehe 15.

Nilipoteza tukio langu la pili kwa njia hii hii. Niligeuza saa vizuri nikakosea tarehe, na nikatoka na darubini usiku mmoja baada ya kivuli kuwa kimeshapita. Tangu hapo huandika mistari mitatu kwenye karatasi moja, UTC, saa za Afrika Mashariki na saa ya Kiswahili, kila mmoja na tarehe yake kamili, na humpa mtu mwingine aihakiki kabla sijafunga mizigo. Katika taarifa utakayotuma andika UTC peke yake.

Kuchagua mahali

Ramani ya tukio huonyesha mistari mitatu mikuu, wa katikati na kingo mbili, na pembeni yake mistari ya sigma. Mtazamaji aliye peke yake asogee kuelekea mstari wa katikati. Mkiwa wawili au zaidi, msikae pamoja. Watu watatu waliokaa uwanja mmoja wanapata mkato uleule mara tatu, wakati wangeachana kilomita 15 kila mmoja, kwa kupima mkingamo wa ukanda, wangepata umbo. Ukitangaza kituo chako katika Occult Watcher, wengine wanaona ulipo na wanajipanga kuziba mapengo.

Anga nayo ina neno lake. Pwani mara nyingi huwa na mawingu ya usiku na unyevu unaotua kwenye lenzi, ilhali nyanda kavu za Dodoma na Singida kati ya Juni na Oktoba hutoa usiku mwingi wa anga safi mfululizo. Hata hivyo hakuna dhamana. Tarehe 20 Machi 2014 asteroidi Erigone ilificha Regulus, nyota angavu ya kundinyota Simba, ukanda ukipita juu ya jiji la New York lenye mamilioni ya watu, na mawingu yakawanyima kuiona. Kwa sababu hiyo tafuta vituo viwili ndani ya ukanda mmoja, ukiweza, vinavyoachana mwendo wa saa moja kwa gari, na uamue mchana kwa kutazama picha za satelaiti za mawingu.

Jambo ambalo miongozo ya kigeni hailitaji ni majirani. Mtu anayesimamisha bomba kubwa gizani saa 8 usiku, na taa nyekundu, kando ya shamba la watu, atatiliwa shaka na ni haki atiliwe. Fika kabla jua halijazama, jitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa chifu, mweleze unachofanya, na umwonyeshe Zohali au Mwezi kama vipo angani. Mara nyingi utapata mlinzi, kiti na chai.

Vifaa, na hasa chanzo cha saa

Darubini ya kipenyo cha sentimita 15 hadi 25 inatosha kabisa. Watu hutumia pesa nyingi kwenye kipenyo na kusahau kwamba hapa tunapima wakati. Kivuli kikikimbia kilomita 15 kwa sekunde, kosa la nusu sekunde ni kilomita 7.5, na kipimo chako kitakuwa hakina msaada kwa asteroidi ndogo. Kosa la sekunde 0.04 ni mita 600. Tofauti ya vipimo hivyo viwili hailetwi na kioo cha darubini, inaletwa na saa.

Kwa anayetazama kwa jicho, njia ya zamani bado inafaa. Weka kinasa sauti kikiwaka, kikisikia mlio wa saa unaotokana na GPS, na useme neno fupi nyota inapozimika na neno jingine inaporudi. Tatizo ni kwamba mwili wako unachelewa, mara nyingi kwa robo sekunde hadi sekunde nzima, na uchelewaji wa kurudi kwa nyota huwa tofauti na wa kuzimika kwake. Andika makadirio yako ya uchelewaji huo waziwazi. Usiyafiche wala usiyapunguze ili upendeze.

Njia bora ni kamera. Wengi walianza na kamera ndogo za video zenye hisi kali kama Watec, zikiunganishwa na kifaa kiitwacho IOTA-VTI, ambacho hupokea GPS na kuandika saa kwenye kila fremu, yaani kila picha moja ya video, hadi sehemu ndogo za sekunde. Wengine hutumia kamera ya QHY174M-GPS, yenye kipokezi cha GPS ndani yake, ambayo hufungwa kwenye kompyuta na kuendeshwa kwa programu ya SharpCap. Vifaa hivi si rahisi kuvipata huku kwetu na bei yake ni nzito, kwa hiyo ningeshauri kikundi kinunue kimoja na kukizungusha, kuliko kila mtu kununua darubini kubwa zaidi.

Ukiwa na kamera ya kawaida ya kupigia picha sayari, isiyo na GPS, kuna njia ya katikati. Tafuta kitaa kidogo cha LED kinachowashwa na kipokezi cha GPS kila sekunde inapoanza, na ukimulike mbele ya darubini kwa muda mfupi kabla ya tukio na tena baada yake, kamera ikiendelea kurekodi. Mimweko hiyo itaonekana kwenye rekodi na kukuonyesha saa ya kompyuta ilikuwa imekosea kwa kiasi gani. Usiiamini saa ya kompyuta peke yake, hata kama umeilinganisha na intaneti dakika tano zilizopita, kwa sababu picha huchelewa njiani kati ya kamera na diski, na uchelewaji huo haulingani kutoka fremu hadi fremu.

Betri mbili zilizojaa, kitambaa cha kukinga umande, karatasi nyekundu ya kufunika skrini, na nyaya za akiba. Mengine utayajua mwenyewe.

Kuipata nyota

Wanaoanza hushindwa hapa kuliko mahali pengine popote. Nyota ya mag 10 haina jina na inafanana na jirani zake zote. Chapisha ramani za eneo lake kwa ngazi tatu, pana, ya kati na ya karibu, na uigeuze ya mwisho ilingane na picha ya kamera yako, maana darubini nyingi hupindua. Nenda nje usiku mmoja au mbili kabla, saa ileile, uitafute mpaka uipate bila kusitasita. Nyota haitakuwa imehama, itatangulia dakika 4 tu kila siku. Mazoezi haya pia yatakuonyesha kama kuna mti, nguzo au paa litakaloziba.

Sisi tulio karibu na ikweta tuna shida ya kulenga mhimili wa darubini kwenye ncha ya anga, kwa sababu Nyota ya Kaskazini iko kwenye upeo wa macho au chini yake, na upande wa kusini hakuna nyota angavu ya kuishika mahali pake. Lakini tuna njia isiyohitaji mota hata kidogo, nayo ni kuiacha Dunia izunguke. Anga husogea nyuzi 1 kila dakika 4. Ikiwa zimebaki dakika 40 kabla ya tukio, tafuta kwenye ramani nyota angavu iliyo kwenye mstari uleule wa mwinamo wa anga na nyota yako, yaani umbali uleule kaskazini au kusini mwa ikweta ya anga, lakini magharibi yake kwa nyuzi 10. Ilenge iwe katikati ya picha, kaza kila skrubu, na usiiguse darubini tena. Baada ya dakika 40 nyota yako itaingia mahali hapohapo yenyewe. Kamera inayoona upana wa nyuzi 1 itakupa dakika kama 4 za kurekodi kwa nyota iliyo karibu na ikweta ya anga, na zaidi kwa iliyo mbali nayo. Kwa njia hii mtu mmoja anaweza kutega darubini ndogo mbili au tatu katika vituo tofauti na kurudi kuzikusanya asubuhi, mradi kila moja iwe na mlinzi.

Usiku wenyewe

Uwe umemaliza kila kitu nusu saa kabla. Hakikisha GPS imeshika satelaiti za kutosha na imekaa hivyo dakika 15 au zaidi, kwa kuwa baadhi ya vipokezi hutoa saa isiyo sahihi mpaka vipate marekebisho ya sekunde za ziada. Pima mahali ulipo na uandike kwa desimali tano za nyuzi, pamoja na mwinuko. Chagua muda wa fremu: mfupi kadiri nyota inavyoruhusu, bila nyota kufifia kiasi cha kuchanganyika na madoadoa ya picha. Fremu 25 kwa sekunde ni nzuri ikiwa nyota inaonekana imara. Ikiwa inametameta na kupotea, ongeza muda wa fremu badala ya kukazania kasi. Ndani ya picha iwepo angalau nyota nyingine moja, ili wingu likipita zote zififie pamoja na usije ukadhani umeona asteroidi.

Anza kurekodi dakika 3 kabla na uendelee dakika 3 baada. Usizime mara nyota inaporudi. Tarehe 27 Machi 2022 timu 26 zilitawanywa kupima Polymele, mojawapo ya asteroidi ambazo chombo cha angani cha Lucy kitazitembelea, na katika rekodi za timu mbili nyota ilizimika tena kwa muda mfupi mahali pasipotarajiwa. Ulikuwa ni mwezi mdogo wa takriban kilomita 5, ulio kilomita kama 200 kutoka Polymele, ambao hakuna aliyejua kuwa upo.

Dakika ya mwisho kaa kimya, mikono mbali na meza. Kwenye skrini nyota itakuwa ikitetemeka kidogo kama kawaida, kisha patakuwa na giza dogo mahali pake huku jirani zake zikiendelea kuwaka. Pumzi itakukatika. Acha rekodi iendelee.

Kusoma rekodi

Programu za Tangra na PyMovie hupima mwanga wa nyota katika kila fremu na kuchora grafu, na PyOTE hutafuta mahali hasa pa kuzimika na kuwaka pamoja na kiasi cha shaka. Hata hivyo pitia fremu kwa macho yako. Tuseme katika fremu ya 4,212 nyota ni nzima, ya 4,213 ina nusu ya mwanga, na ya 4,214 haipo. Ile nusu inakuambia kwamba nyota ilizimika takriban katikati ya fremu ya 4,213. Upande wa pili ukakuta nusu nyingine katika fremu ya 4,301. Tofauti ni fremu 88, kila moja ya sekunde 0.04, jumla sekunde 3.52. Kwa kivuli cha kilomita 15 kwa sekunde, mkato wako ni kilomita 52.8. Asteroidi hiyo haiwezi kuwa na upana mdogo kuliko huo kwa upande huo, na sasa kuna mtu duniani anayelijua hilo kwa sababu ulikesha.

Kutuma taarifa

Jaza fomu ya IOTA ndani ya siku chache, kumbukumbu zikiwa bado mbichi: mahali, darubini, kamera, muda wa fremu, chanzo cha saa, saa mbili za tukio na shaka yake, hali ya anga. Video na grafu zihifadhi bila kuzibana, kwa kuwa mhakiki anaweza kuziomba. Baada ya uhakiki, vipimo hupelekwa katika hifadhi za kitaaluma, na mahali pa asteroidi palipopatikana hutumika kunyoosha njia yake kwa utabiri unaofuata.

Na kama nyota haikuzimika? Tuma vilevile. Mtu aliyesimama kilomita chache nje ya ukingo, anga likiwa safi na saa ikiwa sahihi, akaona nyota ikiwaka mfululizo, amewaambia wenzake kwamba asteroidi haikufika alipokuwa yeye, na mara nyingi mkato huo mtupu ndio unaofunga mchoro wa umbo upande mmoja. Katika fomu andika saa uliyoanza kutazama na saa uliyomaliza, na kama wingu lilipita, andika lilipita kuanzia sekunde ipi mpaka ipi.